Eti mafuta ya nazi yanagandisha seli za mwili? Wajuzi wa bailojia tupeni darasa

MamaUbwabwa
Asalaam aleikum wana jukwaa, na wasio wa salamu hiyo habari zenu.

Mie napika na kuuza chakula hapa Ngamiani, Tanga mjini, na jiko langu bila nazi haliwaki. Wali, samaki wa kupaka, maharage, hata mandazi nayatia tui. Sasa juzi wamekuja watu mtaani na mabango yao, wanauza virutubisho vya kopo, wakatukusanya kina mama. Kijana wao akatoa chupa ya mafuta ya nazi, yameganda meupe pee kwa baridi hii ya Julai. Akasema: "Mnaona? Hivi ndivyo seli zenu zilivyo. Ngozi ya seli imeumbwa kwa mafuta. Ukila mafuta ya kuganda, na yenyewe inaganda, chakula hakiingii, uchafu hautoki, ndiyo maana magoti yanawauma." Halafu ndiyo akatoa kopo. Bei msiulize.

Mwenzangu wa meza ya pili kanunua. Mie nikamuuliza, mbona bibi zetu wamekula nazi maisha yao yote na hawakuganda? Akanijibu sayansi imebadilika. Basi nielezeni: ni kweli seli imezungukwa na mafuta? Na haya ninayokula ndiyo yanakwenda kukaa huko? Msinijibu kwa matusi, na msinitumie namba za kuuza dawa.

KijanaWaChuda
Naweka kiti mbele kabisa. Mama, sahani moja ya ubwabwa wakati tunasubiri wajuzi.

MgosiWaSoni
Kijana wa kopo hajaropoka yote. Seli imezungukwa na lipidi, yaani vitu vya jamii ya mafuta, hilo tulisoma. Na lipidi zikiwa za kuganda, utando unakuwa mgumu, hilo nalo tulisoma. Sasa ukiunganisha hayo mawili unafika alikofika yeye. Mimi nataka mtu anionyeshe pale mnyororo unapokatika, asituambie tu kwamba ni tapeli.

MwalimuPongwe
Mama, wa aleikum salaam. Nafundisha bailojia kidato cha tano na sita. Nitajibu kwa vipande maana nina rundo la mitihani ya kusahihisha.

Kwanza tutenganishe mafuta na mafuta. Ya nazi, ya alizeti, samli, yote kwa sehemu kubwa ni asidi za mafuta tatu zimeshikwa na gliseroli moja, yaani mikia mitatu. Hayo ni mafuta ya akiba, ya kuchomwa kama nishati, na hayana hamu na maji hata chembe. Lipidi za utando zina mikia miwili, na mahali pa ule wa tatu pana kichwa chenye fosfeti kinachopenda maji. Ndizo fosfolipidi. Ukizitia majini hazielei juu kama mafuta ya mchuzi. Zinajipanga safu mbili: mikia inajificha ndani ikitazamana, vichwa vinabaki nje kugusa maji pande zote mbili. Hakuna anayezipanga. Alec Bangham huko Uingereza aliliona hilo miaka ya 1960: fosfolipidi ndani ya maji, na vifuko vikajiumba vyenyewe, ndivyo tunavyoviita liposomu. Unene wa safu hizo mbili kwa pamoja ni kama nanomita 4 hadi 5. Milimita moja ina nanomita milioni moja, Mama, kwa hiyo pima mwenyewe wembamba wake.

Kwamba ni safu mbili kulijulikana mwaka 1925. Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa lipidi kwenye seli nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji mpaka zikawa safu moja, wakapima eneo lake. Likawa mara mbili ya eneo la seli walizoanza nazo. Kitu kinachonifurahisha ni kwamba walikosea mara mbili: asetoni yao haikukamua lipidi zote, na eneo la seli walilipima dogo kuliko lilivyo. Makosa yakafutana, jibu likatoka sahihi. Wanafunzi wangu nawaambia wasiige hilo kwenye mtihani wa taifa.

MgosiWaSoni
Historia nzuri, mwalimu, lakini kuganda hujagusa.

MwalimuPongwe
Mgosi una haraka kama unakimbilia basi la mwisho la Lushoto. Haya.

Kuganda kunatokana na umbo la mikia. Mkia ulioshiba haidrojeni umenyooka. Mkia usioshiba una kifungo maradufu mahali fulani, na hapo unapinda. Wale waliowahi kupanga boriti za mikoko watanielewa: zilizonyooka zinalala zikabanana, zilizopinda katikati zinaacha nafasi, rundo linakuwa legelege. Tazama namba. Asidi ya steariki ina kaboni 18, imenyooka, inayeyuka kwenye nyuzi 69 za selsiasi. Asidi ya oleiki ina kaboni zilezile 18, imeongezwa kifungo maradufu kimoja tu katikati, inayeyuka kwenye nyuzi 13. Kifungo kimoja kinashusha nyuzi zaidi ya 50.

Kwenye fosfolipidi ni hivyo hivyo. Ile yenye mikia miwili ya asidi ya palmitiki iliyonyooka hukakamaa ikiwa chini ya nyuzi 41. Yenye mikia miwili ya oleiki inabaki laini mpaka ushuke chini sana ya sifuri. Mwili wako una nyuzi 37. Maana yake utando ungekuwa wa palmitiki tupu, ungekuwa umekakamaa sasa hivi, Mgosi, na kubishana usingeweza.

Na ulaini huo una kazi. Protini zimezama ndani ya utando: milango ya chumvi, vipokezi vya homoni, pampu. Nyingi zinatembea. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu zikawa moja, protini za kila upande zimetiwa rangi yake. Ndani ya dakika 40 hivi kwenye nyuzi 37 rangi zilikuwa zimechanganyika seli nzima. Wakipoza chini ya nyuzi 15, mchanganyiko unakwama. Miaka miwili baadaye Singer na Nicolson wakatoa ule mfano tunaoufundisha mpaka leo, wa protini zinazoelea kwenye lipidi laini. Lipidi zenyewe ndiyo usiseme: moja inaweza kusafiri urefu wa bakteria mzima kwa sekunde moja hivi, ilimradi ibaki kwenye safu yake.

Kwa hiyo yule kijana alishika jambo la kweli. Mnyororo wake unakatikia hapa: amedhani seli imekaa tu, inapokea chochote kinachokuja na kukibandika ukutani. Nikirudi nitaeleza. Adhana hiyo.

MamaUbwabwa
Mwalimu nakuelewa kuliko nilivyotarajia. Ila magoti yangu yanauma kweli, sikatai.

DadaFamasia
Mama, magoti uyapeleke yakaonekane, kusimama jikoni tangu alfajiri kunatosha kuyaumiza bila kumsingizia nazi.

Wakati mwalimu yuko msikitini niongeze kipande ambacho huwa kinasahaulika: kolesteroli. Watu wanaiogopa kama nyoka, kumbe kwenye utando wa seli zetu ni fundi. Katika utando wa nje wa seli ya mnyama inaweza kufika theluthi moja ya lipidi zote, au zaidi. Imejichomeka katikati ya mikia. Joto likipanda na mikia ikianza kurukaruka, yenyewe inaituliza. Joto likishuka na mikia ikitaka kubanana, yenyewe inaizuia isishikane. Kwa hiyo utando haukurupuki kuyeyuka wala kuganda kwa mpigo. Inafanya kazi zote mbili, na ndiyo maana swali la "kolesteroli inalainisha au inakaza" wanafunzi wanaligombania bure.

Ile tunayopima kwenye damu ni kolesteroli iliyo safarini ndani ya vibebeo vyake, na ikizidi inaleta shida kwenye kuta za mishipa. Hilo ni suala jingine. Na hapo sitakuficha Mama, mafuta ya nazi yanapandisha ile tunayoiita mbaya kuliko alizeti inavyofanya. Mtu mwenye presha au kisukari namshauri apunguze. Lakini sababu ni mishipa. Seli kuganda haimo.

MgosiWaSoni
Sawa. Nasubiri kipande cha "seli haipokei tu". Na nina swali la kukitegea: kama seli inachagua, mbona tunaambiwa tule samaki wenye omega-3 kwa sababu mafuta yake yanaingia kwenye tando za seli? Haiwezekani ya vibua yaingie halafu ya nazi yazuiwe mlangoni.

MwalimuPongwe
Nimerudi. Mgosi, hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu.

Tuanze na bakteria, maana yeye hana koti wala blanketi. Mwaka 1974 Sinensky alikuza bakteria wa *E. coli* kwenye joto mbalimbali, akakuta wanabadilisha mikia ya lipidi zao: kwenye baridi wanatia mingi iliyopinda, kwenye joto mingi iliyonyooka. Alipopima ulaini wa utando, kila kundi likiwa kwenye joto lililokulia, ulikuwa karibu sawa. Yaani kinacholindwa ni ulaini, na lipidi zinabadilishwa ili ulaini ubaki palepale. Samaki wa maji baridi wanafanya hivyo, mimea inafanya hivyo.

Sisi wenye joto la kudumu tuna vyombo vilevile. Kuna kimeng'enya kinaitwa desaturesi: asidi ya steariki ikija imenyooka, kinatia kifungo maradufu kwenye kaboni ya 9 na inakuwa oleiki. Vingine vinarefusha mikia, vingine vinang'oa mkia mmoja kwenye fosfolipidi na kuweka wa aina nyingine. Asidi kubwa ya mafuta ya nazi, karibu nusu yake, ni ya lauriki, yenye kaboni 12. Huo ni mkia mfupi. Tando zetu hutumia zaidi mikia ya kaboni 16 hadi 22. Lauriki nyingi inachomwa kama nishati au inarefushwa au inawekwa akiba. Haiendi kupigwa lipu kwenye seli ikiwa vilevile ilivyotoka chupani.

Sasa vibua. Hapo Mgosi una nusu ya haki. Mikia yenye vifungo maradufu vingi, mwili wetu hauwezi kuianza wenyewe kutoka sifuri, maana vimeng'enya vyetu haviwezi kutia kifungo mbali kupita kaboni ya 9. Lazima ije na chakula. George na Mildred Burr walilionyesha hilo kwa panya kuanzia 1929: walipowanyima mafuta kabisa, ngozi na mikia ya panya ikaharibika, ukuaji ukadumaa. Kwa hiyo upande huu chakula kinaonekana. Ukila samaki wenye mafuta kwa majuma na miezi, omega-3 kwenye seli nyekundu za damu yako inapanda na inapimika. Ila kiasi cha mikia iliyoshiba hakiyumbi sana kwa chakula. Na kuna jambo lililoonyeshwa mwaka 2020: seli za mamalia zikipewa DHA, ile omega-3 ndefu yenye vifungo sita, zinaiingiza kwenye utando, halafu zenyewe zinaongeza lipidi zilizoshiba na kolesteroli mpaka ukakamavu unarudi ulipokuwa. Mlango haumfukuzi mgeni, ila nyumba inapangwa upya ili paa lisiiname.

KijanaWaChuda
Mwalimu, hapo kwenye paa umetisha. Mgosi jisalimishe.

MgosiWaSoni
Sijisalimishi, naelewa. Ni tofauti. Na nauliza tena: huo ulinzi hauchoki? Hakuna hali ambayo utando unaharibika kweli kwa mafuta?

DadaFamasia
Ipo, Mgosi. Mtu mwenye ini lililosinyaa vibaya, yule aliyefika hatua za mwisho. Vibebeo vya mafuta kwenye damu vinakuwa na kolesteroli iliyozidi, na kolesteroli hiyo inahamia kwenye utando wa seli nyekundu. Seli zinaota miiba, zinashindwa kujikunja kupita kwenye vijia vya wengu, zinavunjwa mapema, mgonjwa anapungukiwa damu. Ukiziona kwenye hadubini huzisahau. Lakini angalia ilichukua nini kufika hapo: ini zima kuharibika. Wali wa nazi haufiki.

Na niwaambie kitu kinachonishangaza hadi leo. Safu mbili za utando hazifanani. Safu ya nje ina fosfatidilikolini na sfingomielini nyingi, ya ndani ina fosfatidilserini na fosfatidilethanolamini, zote hizo ni aina za lipidi za utando zenye vichwa tofauti. Lipidi peke yake ikitaka kupinduka kutoka safu moja kwenda nyingine inaweza kuchukua masaa au siku, kwa sababu kichwa kinachopenda maji lazima kikatize eneo la mikia. Kwa hiyo seli ina pampu zinazokula nishati kutwa kucha ili kuirudisha fosfatidilserini ndani kila inapoponyoka. Kwa nini igharamie hivyo? Kwa sababu fosfatidilserini ikionekana nje ni ishara. Kwenye chembe sahani ni ishara ya kugandisha damu: protini za kugandisha zinatua juu yake na kidonda kinaziba. Kwenye seli inayokufa ni ishara kwa seli walinzi waje waimeze. Kwa wagonjwa wa selimundu, na Tanga hapa tunao wengi, baadhi ya seli nyekundu zinakuwa zimeianika nje wakati haitakiwi, na ni sehemu ya sababu damu yao hupenda kuganda na seli kunata kwenye mishipa.

Lipidi ileile. Upande iliokaa ndio unaobadilisha habari.

MamaUbwabwa
Mwanangu, mjukuu wangu ana selimundu. Hili hakuna aliyewahi kunieleza. Ahsante sana.

DadaFamasia
Mungu amtunze, Mama. Akose vyote, kliniki asikose, na maji anywe kwa wingi.

MvuviKigombe
Mie sikusoma ila uzi huu nausoma. Swali langu la bahari. Kule Kigombe zamani jarife la kina kirefu lilikuwa linaleta yule samaki wa ajabu, silikanti, mpaka Serikali ikaweka hifadhi. Mwili wake una mafuta mengi, ukila tumbo linaendesha. Hayo mafuta ndiyo yanamsaidia kustahimili kina?

MwalimuPongwe
Mzee wangu shikamoo. Hifadhi ya silikanti ya Tanga ilitangazwa 2009, na wewe huenda umewaona wengi kuliko maprofesa. Mafuta yale ya silikanti ni ya kumsaidia kuelea: pale ambapo samaki wengine wana kifuko cha hewa, yeye ana kiungo kilichojaa mafuta. Ni akiba na boya, utando ni habari nyingine.

Lakini umegusa kitu ambacho nimekuwa nikitafuta upenyo wa kukisema. Mgandamizo wa maji nao unabananisha lipidi, kama baridi inavyofanya. Mita 4,000 chini mgandamizo ni karibu mara 400 ya huu wa ufukweni. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo kuhusu tenofora, wale viumbe laini wanaong'aa wanaofanana na konyeza lakini hawachomi. Wa kina kirefu wana lipidi nyingi za aina ya plasmalojeni, zenye kichwa chembamba na mikia iliyotawanyika. Umbo hilo ni koni. Chini kule mgandamizo unaibana koni mpaka inakaribia silinda, na utando unakaa sawa. Wakipandishwa juu, mgandamizo ukiondoka, koni inatanuka tena kupita kiasi, tando zinapoteza mpangilio, mnyama anasambaratika mikononi mwako. Wakawapa *E. coli* uwezo wa kutengeneza plasmalojeni, na bakteria hao wakastahimili mgandamizo kuliko wenzao.

Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Miaka mingi tumefundisha ulaini, ulaini, ulaini. Umbo la lipidi moja moja lina uzito uleule. Silinda zikikaa pamoja zinatandaza utando tambarare. Koni zenye kichwa kidogo zinataka utando upinde upande mmoja. Zenye kichwa kikubwa na mkia mmoja zinataka upinde upande wa pili. Seli inapojigawa, inapomeza kitu, inapotema homoni, utando lazima upinde na kukatika, na mchanganyiko wa maumbo ndio unaorahisisha.

MvuviKigombe
Marahaba mwanangu. Basi ndiyo maana vitu vya chini vinafika juu vimekuwa uji. Tulidhani ni nyavu.

MwanaHandeni
Hapo kwenye mkia mmoja mmenigusa. Sumu ya nyoka si ndiyo inakata mikia? Mwalimu wetu alituambia hivyo tukadhani anatania.

DadaFamasia
Hakutania. Sumu ya nyoka wengi, swila wakiwamo, na ya nyuki pia, ina kimeng'enya kinachoitwa fosfolipesi A2. Kinakata mkia mmoja wa fosfolipidi. Kinachobaki ni kichwa na mkia mmoja, lisolipidi, na hiyo haiwezi kukaa tambarare. Zikiwa nyingi utando unatoboka, seli nyekundu inapasuka.

Na hapa kuna kioja kwa wafugaji wa Handeni. Seli nyekundu za ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu hazina fosfatidilikolini, nafasi yake imeshikwa na sfingomielini. Kimeng'enya cha nyoka kinakosa pa kukata, na maabara ilionyesha tangu 1957 kwamba seli zao hazipasuki kwa sumu ya swila kama zetu zinavyopasuka. Usimwachie mbuzi wako swila lakini. Sumu ina mambo mengine, ya neva hasa, na mbuzi anakufa vizuri tu. Na mtu akiumwa asichanje wala asifunge kamba ya kubana, apelekwe hospitali akiwa ametulia.

MwanaHandeni
Mbuzi anakufa "vizuri tu" 😂 Dada una roho.

MgosiWaSoni
Kama lipidi zinatofautiana hivyo baina ya viumbe, basi dawa ingeweza kulenga lipidi za adui tu, ikatuacha sisi.

DadaFamasia
Ndiyo tunachouza kila siku, Mgosi. Fangasi hana kolesteroli, ana ergosteroli. Flukonazo inamzuia asiitengeneze. Nistatini na amfoterisini B zinaifuata ergosteroli ilipo kwenye utando. Amfoterisini ni kali kwa figo zetu kwa sababu tofauti kati ya steroli hizo mbili si kubwa sana, kwa hiyo nasi tunaguswa. Suluhisho lililopatikana ni kuifungia dawa ndani ya liposomu, vifuko vilevile vya Bangham, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya hiyo, pamoja na dawa nyingine, kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi kwa wenye VVU.

Kinyume chake pia kipo. Sumu ya kipindupindu inashika lipidi yetu moja yenye sukari kichwani, gangliosidi GM1, iliyoko kwenye ukuta wa utumbo. Inaishika kwa mikono mitano. Hiyo ndiyo kamba yake ya kupandia.

MvuviKigombe
Na sabuni ya nazi je? Sisi baharini tunaoga nayo maana ndiyo inatoa povu kwenye maji ya chumvi. Nyingine zinakuwa utando mweupe tu mwilini.

MwalimuPongwe
Mzee leo unanipa kazi. Ni ile lauriki. Mkia mfupi, sabuni yake inayeyuka vizuri hata kwenye chumvi, ndiyo maana povu linatoka. Na sabuni yoyote ina kichwa kimoja na mkia mmoja, kwa hiyo inajichomeka kwenye utando na kuubomoa. Virusi vya korona na vya mafua vimevaa utando wa lipidi walioiba kwenye seli, sabuni inawavua. Virusi visivyo na vazi hilo, kama vile vya polio, vinahitaji kusuguliwa na kusukumwa na maji, maana hakuna cha kubomoa.

MamaUbwabwa
Nimekwenda kwa jirani nikasoma kopo. Imeandikwa lesitini ya soya.

DadaFamasia
Lesitini ni mchanganyiko wa fosfolipidi hasa, fosfatidilikolini ikiwamo. Haina sumu. Ila ukiimeza inakutana na fosfolipesi A2 ya kongosho lako mwenyewe, ndugu yake yule wa nyoka, inakatwa mkia kabla hata haijafyonzwa, kisha inaundwa upya na kupakiwa na mafuta mengine. Haifiki kwenye goti ikiwa nzima ili kubandika kiraka. Na ipo tele kwenye kiini cha yai.

MamaUbwabwa
Mayai ya kuchemsha nauza mie hapo hapo meza ya kwanza! Kaja kununua kopo huku kanipita.

KijanaWaChuda
Kabla uzi haujafungwa, ndizi mbivu nikiweka kwenye friji inakuwa nyeusi ganda lote usiku mmoja. Ni hayo hayo?

MwalimuPongwe
Ni hayo. Ndizi ni mmea wa joto, lipidi zake zimepangwa kwa joto. Chini ya nyuzi 13 hivi tando zinaanza kukakamaa na kuvuja, vitu vilivyotengwa kwenye vyumba tofauti vya seli vinakutana na vimeng'enya, rangi nyeusi inatokea. Ndani huwa bado inalika. Embe bichi nalo ukiliweka baridi mno halitaiva sawasawa.

MgosiWaSoni
Ndiyo maana matufaa yetu ya Lushoto mnayajaza kwenye friji miezi na hayasemi kitu. Yamezoea baridi.

KijanaWaChuda
Mgosi kaanza biashara.

MgosiWaSoni
Kreti napakia Ijumaa. Mwenye kutaka aje stendi ya Kange saa nane mchana.